Wanaohesabu Pomboo Alfajiri

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi majira ya baridi yanapokwisha, kuna watu wachache wanaoamka kabla ya mapambazuko katika mji mdogo wa Taiji, nchini Japani, wakasimama juu ya jabali na darubini zao. Hawazuii mashua wala hawatupi mawe. Kazi yao ni kuhesabu na kupiga picha. Huhesabu mashua zinazotoka bandarini, kisha wakangoja. Mashua zikijipanga safu huko mbali, wanajua kwamba kundi la pomboo limeonekana.

Sisi wa pwani twamjua pomboo. Twajua kwamba hunyonyesha mwanawe, na kwamba hutembea na jamaa zake. Wawindaji wa Taiji nao wanajua, na zaidi wanajua kwamba pomboo huiona bahari kwa masikio. Basi huteremsha vyuma virefu majini na kuvigonga kwa nyundo. Kelele ile huwa kama ukuta unaosogea, na kundi zima, mama na watoto, hukimbia upande uliobaki kimya, ambao ni ghuba nyembamba iliyoandaliwa nyavu. Mara nyingi huachwa humo usiku kucha. Asubuhi huja wakufunzi kuchagua walio wachanga na wazuri kwa ajili ya majumba ya maonyesho, na wengi wa waliosalia huuawa chini ya maturubai yaliyotandazwa ili wenye kamera wasione.

Hapo ndipo penye fedha. Nyama ya pomboo mmoja huleta dola mia chache tu, ilhali pomboo hai aliyefunzwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa hivyo familia inayokata tiketi kumwona pomboo akiruka kwenye bwawa, iwe Japani au China, huenda imechangia gharama ya mashua zile bila kujua.

Aliyelisema jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wengine ni Ric O'Barry, Mmarekani aliyekuwa mfunzi wa pomboo wa mchezo wa televisheni ulioitwa Flipper katika miaka ya 1960. Mmoja wao, Kathy, alimfia mikononi mwaka 1970, naye akageuka kuwa mpinzani wa biashara iliyomlisha. Filamu ya The Cove, iliyomfuata hadi Taiji na kurekodi mauaji kwa siri, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2010. Mwaka 2016 Japani ilimzuia kuingia nchini. Miaka ya karibuni Wajapani wenyewe wamekuwa wakisimama pale jabalini.

Wavuvi wa Taiji wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Mji wao umeishi kwa nyangumi tangu karne ya 17. Mwaka 1878 bahari iliwachukua zaidi ya wanaume mia moja katika msafara mmoja wa kuwinda. Huwauliza wageni: nyinyi mnaokula ng'ombe, kwa nini mtuhukumu? Swali hilo lina uzito. Sisi tunaochinja tumefunzwa kunoa kisu mbali na macho ya mnyama na kutomchinja mwenziwe mbele yake, na katika ghuba ile adabu hiyo haina nafasi. Hata hivyo hatudhani kelele za mgeni peke yake zimewahi kumgeuza mvuvi.

Kilichotikisa zaidi kilitoka karibu. Mwaka 2007 madiwani wawili wa Taiji walipinga hadharani watoto wa shule kulishwa nyama hiyo kwa sababu ya zebaki iliyomo. Wajapani hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini: huko Minamata, katika miaka ya 1950, akina mama waliokula samaki wenye sumu hiyo walizaa watoto waliolemaa. Kisha, mwaka 2015, shirikisho la mbuga za wanyama na majumba ya samaki la Japani liliwakataza wanachama wake kununua pomboo waliokamatwa Taiji kwa njia ile. Baadhi ya majumba yalijitoa kuliko kutii, na uwindaji haujakoma.

Jirani zetu wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, waliwahi kuwa wawindaji vilevile. Waliwachoma pomboo kwa chusa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii walianza kulipa ili wapelekwe kuwaona, na haikuchukua miaka mingi chusa zikawekwa. Mvuvi aligundua kwamba pomboo aliye hai hulipa kila siku. Lakini jarife bado huwanasa, na utalii nao umezaa shida yake: mashua kadhaa hulizunguka kundi moja, watu wakijirusha majini juu ya mama mwenye mtoto, hata wanyama wakakosa pa kupumzika.

Kwetu, watalii huondoka Shimoni na Wasini kwenda kuwatazama pomboo wa Kisite. Anayekwenda na watoto wake likizo hii anaweza kumwomba nahodha apunguze mwendo, asilikate kundi njia, na azime mashine wakishakaribia. Pomboo wakitaka kuja, huja wenyewe.