Usingizi wa ndegeni nao ni mtaji

Mfanyabiashara wa Same anayefuata bidhaa Guangzhou hupiga hesabu ya nauli, hoteli na kontena. Usingizi haumo, na hapo ndipo bei humponyoka. China iko mbele yetu kwa saa 5: muuzaji anapofungua duka saa 3 asubuhi, kwa mwili wa mgeni bado ni saa 10 alfajiri ya Upareni.

Anayepitia KIA hubadilisha ndege Addis Ababa, kisha huruka kwa muda wa karibu saa 10. Hapo ndipo pa kulala. Omba mapema kiti cha dirishani, ule kabla ya kupanda, na mkanda uufunge juu ya blanketi ili wahudumu wasikuamshe kuukagua. Kahawa, hata ikiwa ya milima yetu, iachwe tangu mchana. Pombe huleta usingizi wa mwanzo tu, kisha huukata. Vidonge vya usingizi visimezwe bila ushauri wa daktari. Anayelala bila kujigeuza anaweza kugandwa na damu miguuni.

Siku ya kwanza iwe ya kutazama sampuli. Malipo ya awali yasubiri kesho yake, na mazungumzo ya bei yaanze saa 6 mchana, wakati Same ni saa 1 asubuhi.