Lita 15 Zimekwenda Wapi? Habari ya Matairi, Gia na Mshahara wa Dereva



Miaka michache iliyopita dereva mmoja, mzee aliyekaa kwenye usukani tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alinijia nyumbani Munkunyu na barua mkononi. Tajiri wake alimwandikia kwamba anaiba mafuta. Kwa hesabu ya ofisi, Land Rover anayoendesha kupeleka watu na mbegu za pamba mashambani ilikuwa ikienda kilomita 6 na nusu kwa lita moja, na sasa inakwenda 6 tu. Kwa mwezi ule, lita 15 hazikuonekana. Zikatwe kwenye mshahara, na akirudia afukuzwe kazi.

Nikamuuliza, "Mzee, umeziuza?" Akaniangalia tu. Kisha akasema, "Mwanangu, tangu wabadilishe matairi, gari hili silielewi."

Kumbe muuza vipuri mmoja alimwambia tajiri afunge matairi makubwa zaidi. Eti tairi kubwa likizunguka mara moja linakula njia ndefu, kwa hiyo injini inafanya kazi kidogo, na mafuta yanapungua. Maneno hayo ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyomtia mzee wetu matatani.

Mita ya gari lile haipimi barabara. Inahesabu mizunguko. Waya wake unatoka upande wa giaboksi, na haujui tairi lililofungwa ni kubwa au dogo. Tukalitoa tairi la zamani stoo, tukalitia alama ya chaki, tukaliviringisha mzunguko mmoja chini. Mita 2 na sentimita 33. Tairi jipya, mita 2 na sentimita 52. Basi mita ikisema kilomita 100, gari limekwenda 108. Mwezi ule ilisema kilomita 1,200 kwa lita 200. Kwa kweli gari lilikuwa limekwenda karibu 1,298. Gawanya mwenyewe: ni 6 na nusu kwa lita, kasoro kidogo sana, kama zamani. Hakuna lita iliyoibiwa. Wala hakuna lita iliyookolewa!

Kwa nini haikuokolewa? Tazama njia zetu. Ukitoka Kisinga kupanda Kyarumba, gari lenye matairi makubwa linashindwa kuvuta kwa gia ya tatu pale lilipokuwa likiweza. Dereva anarudi gia ya pili, na injini inalia zaidi kuliko mwanzo. Kwenye lami tambarare ya kutoka Kasese kwenda Katunguru faida ipo, maana injini inazunguka polepole kwa mwendo ule ule. Ndiyo sababu baada ya mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta na bei kupanda karibu mara nne kwa miezi michache, watengenezaji walizidi kutia gia ya tano katika magari madogo. Lakini hiyo ya tano iliongezwa juu, na zile za chini za kupandia zikabaki. Tairi kubwa linanyanyua gia zote pamoja, hata ile ya kupandia mlima.

Vijana wa boda boda wa Bwera wanaijua habari hii kwa cheni. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42: ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukifunga ya mbele yenye meno 15, inakuwa mara 2.8. Mizunguko imepungua karibu 7 kwa 100. Mafuta hayapungui kiasi hicho, kwa sababu mzigo ni ule ule na upepo ni ule ule. Na ukibeba gunia la kahawa na abiria juu yake, klachi itakulipisha. Wengine hufanya kinyume, wanafunga sproketi kubwa nyuma ili wapande. Wanakula petroli zaidi kwenye tambarare, lakini mimi siwalaumu. Kazi yao iko mlimani.

Jambo moja wauza vipuri hawalisemi. Katika kila shilingi 4 za petroli, karibu 3 zinatoka kama joto, kwa ekzosi na kwa rejeta, kabla hazijafika kwenye giaboksi. Gia, propela na difu zinakula sehemu ndogo tu ya hiyo shilingi iliyobaki. Sasa mtu akikuambia kwamba difu yake au oili yake ya gia itakuokolea theluthi ya mafuta, ataitoa wapi? Breki zinazoshika, matairi yasiyo na upepo wa kutosha, klachi inayoteleza na cheni kavu yenye kutu ndivyo vya kutazama kwanza.

Nanyi madereva, siku wanapobadilisha matairi au difu, andikeni tarehe na namba ya mita katika daftari lenu wenyewe, si la ofisi.

Mzee aliitwa ofisini siku ya Jumatatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, na kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Alinichagua mimi, nami nikaenda na chaki. Tuliyaviringisha matairi yote mawili uani, mbele ya karani na meneja. Karani alipiga hesabu mara mbili, ya pili bila kusema neno. Barua ikatolewa failini, na fedha zilizokuwa zimekatwa zikarudishwa mwisho wa mwezi. Matairi makubwa bado yamefungwa. Karani sasa anaongeza 8 kwa kila 100 anapoandika safari za gari lile.