GT3 au RS? Angalia begi la njumu kwanza

MKWANJA umeingia, staa wa Ulaya anataka Porsche 911. Abebe GT3 au GT3 RS?

Kwa injini ni kama sare: zote lita 4.0, hazina turbo. GT3 ya 2021 ina nguvu ya farasi 510, RS ya 2022 ina 525.

Tofauti ni kazi. RS imeundwa kwa ajili ya saketi. Ikifika spidi 285, upepo unaikandamiza chini kwa kilo 860. Lakini rejeta imemeza buti ya mbele, begi la njumu litapanda kiti cha abiria.

Wikiendi zako ni za saketi? Beba RS. Unaenda mazoezini kila asubuhi? GT3 inatosha. RS ya foleni ni straika uliyemsajili akae benchi.