Je, Wajua? Hofu Haifukuzwi

Tuanze na kazi ndogo. Kwa dakika moja tu, usimuwaze dubu mweupe. Yule wa kwenye barafu, mwenye manyoya mazito na pua nyeusi. Umeshamwona, sivyo?

Je, wajua kwamba mchezo huo ni jaribio halisi la kisayansi? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner, kule Texas nchini Marekani, aliwakalisha watu chumbani mmoja mmoja na kuwaambia waseme lolote linalowajia kichwani kwa dakika 5, ila dubu mweupe wasimuwaze kabisa. Atakayemuwaza agonge kengele. Kengele ililia zaidi ya mara moja kwa dakika!

Ngoja, bado. Baadaye watu haohao waliruhusiwa kumuwaza dubu watakavyo. Wakamuwaza kuliko wenzao ambao hawakuwahi kukatazwa. Wazo ulilolifukuza hurudi na jamaa zake.

Na dubu mwenyewe unajua alitoka wapi? Kwa Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi, aliyemtaja mwaka 1863 katika maandishi yake kuhusu safari ya Ulaya. Dubu alisubiri zaidi ya miaka 120 hadi akaingizwa maabara.

Sasa mtoe dubu, weka huzuni ya msiba, au ile aibu ya mwaka juzi inayokuamsha saa nane za usiku. Je, wajua kwamba kuna tiba nzima iliyosimama juu ya jambo hili? Inaitwa Tiba ya Kukubali na Kutenda, kwa kifupi ACT. Haikuambii ufukuze hisia mbaya. Inakufundisha kuiachia nafasi, huku mikono yako ikiendelea na yale unayoyathamini. Imeshapimwa katika majaribio zaidi ya 1,000 ambayo washiriki hupangwa makundi kwa kura!

Je, wajua kwamba mwanzilishi wake alikuwa mgonjwa wa hofu? Steven Hayes, mwalimu wa saikolojia Marekani, alikuwa kwenye kikao cha idara yake mwaka 1978, maprofesa wakubwa wakirushiana maneno. Akanyoosha mkono aseme. Akafungua kinywa, sauti ikagoma. Moyo mbio, pumzi haitoshi, wenzake wote wanamtazama. Fikiria: daktari wa saikolojia mwenye vyeti vyake, na hofu imemkaba koo mbele ya wanasaikolojia wenzake!

Miaka iliyofuata alipigana nayo kwa kila mbinu aliyosomea, na hofu ikazidi kunenepa. Nafuu ilianza siku alipoacha kuikimbia. Sisi tuliolelewa kwa “jikaze, wewe ni mwanaume” hapo tuna la kujiuliza.

Je, wajua kwamba hata barafu inashuhudia? Watafiti huwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali na kuuacha humo kadiri wawezavyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, waliofundishwa kuyapokea maumivu bila kupigana nayo walivumilia muda mrefu kuliko waliofundishwa kuyadhibiti. Maji ni yaleyale, mkono ni uleule.

Jaribu hili hapohapo ulipo, na usimjali anayekutazama. Sema “maziwa” kwa sauti, harakaharaka, kwa nusu dakika. Maziwa maziwa maziwa maziwa... Umeona? Mwishoni hakuna ng'ombe wala kikombe, ni kelele za midomo tu. Edward Titchener, mwanasaikolojia Mwingereza aliyefundisha Marekani, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Madaktari wa ACT wakaligeuza kuwa dawa. Unachukua neno linalokuchoma, tuseme “sifai”, unalirudia vivyo hivyo hadi meno yake yadondoke. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba neno baya likirudiwa hivyo huuma kidogo, na mtu huliamini kidogo kuliko mwanzo. Nusu dakika!

Nyingine ya haraka: badala ya kusema “mimi ni wa kushindwa”, sema “nina wazo kwamba mimi ni wa kushindwa.” Maneno mawili matatu yameongezeka, na tayari wewe uko huku, wazo liko kule. Bei yake ni bure.

Mfano unaopendwa sana katika tiba hii ni wa dereva wa basi. Abiria wake ni hofu, aibu na kumbukumbu chungu, nao wanapiga kelele: kata kushoto! geuza! Ukisimamisha gari ugombane nao, safari imeishia hapo. Wewe shika usukani, waache wapige kelele hadi kituo cha mwisho. Aliyewahi kupanda daladala ya saa kumi na moja jioni hahitaji maelezo zaidi.

Haya, sogea karibu, maana hii ilifanyika jirani kabisa. Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani liliichukua tiba hii likaipeleka kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda? Walengwa walikuwa wanawake 694 waliokimbia vita Sudan Kusini. Vijiji 14 viligawanywa kwa kura: 7 vipate mafunzo, 7 vipate huduma ndogo ya kawaida.

Daktari wa akili alikuwa wapi? Hakuwepo! Mwalimu alikuwa sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Wanawake hadi 30 walikaa pamoja kuisikiliza, saa 2 kila kikao, vikao 5 basi. Aliyeongoza kikundi alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi, na kila mmoja akaondoka na kitabu cha picha.

Na walifundishwa nini? Sikiliza jinsi ilivyo rahisi. Mawazo yakikuvuruga, kandamiza nyayo zako ardhini. Jinyooshe, vuta pumzi polepole. Kisha tazama ulipo: unaona nini, unasikia nini, mikono yako inagusa nini? Huzuni haijaondoka, ipo palepale, lakini umerudi kwenye chungu kilichoko jikoni na mtoto anayekuita.

Miezi 3 baada ya mafunzo, wanawake wa vile vijiji 7 walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao. Vita havikuwa vimekwisha wala hawakuwa wamerudi makwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Uturuki nako? Mafunzo hayohayo yalipelekwa kwa wakimbizi 642 kutoka Syria. Baada ya miezi 6, waliokuwa na ugonjwa wa akili ni takriban 22 katika kila 100 waliosoma, na takriban 41 katika kila 100 ambao hawakusoma. Karibu nusu yake!

Je, wajua kwamba gogo la mgomba liliwahi kuzikwa kwa heshima zote za maiti? Ni Sierra Leone, wakati wa Ebola. Kuosha na kukumbatia mwili wa marehemu kulikuwa kunaeneza ugonjwa, lakini ni nani atakubali kumtupa mama yake bila kumuaga? Katika wilaya ya Bo, watu waliokuwa wakifundisha ACT walikaa na jamii kujadili mambo mawili: uchungu wa kuacha mila, na thamani ya kuwalinda walio hai. Suluhisho likatoka kwa wanajamii wenyewe: gogo la mgomba lifungwe nguo, liagwe na kuliliwa mahali pa mwili. Mimi hapa nasimama nipige makofi.

Twende Afrika Kusini. Watu 27 wenye kifafa kilichogoma kusikia dawa waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapata ACT kwa saa 9 tu kwa jumla. Mashambulizi ya kifafa yakapungua sana katika kundi hilo! Lakini vidonge vyako usiache.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuzisikia sauti zisizokuwepo, akakiri waziwazi kwamba anazisikia, na bado akawa na nafuu? Mwaka 2002 Marekani, wagonjwa 80 waliolazwa hospitali ya akili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa vikao 4 vya ACT. Katika miezi 4 iliyofuata, waliorudishwa wodini kutoka kundi hilo walikuwa nusu ya wale wa kundi lingine. La ajabu zaidi: kundi la ACT ndilo lililokiri dalili nyingi zaidi! Sauti walizisikia, ila hawakuziamini kama zamani.

Wavuta sigara, mpo? Programu ya simu iitwayo iCanQuit ilipambanishwa na nyingine ya kawaida, kwa watu 2,415. Ya kawaida ilifundisha kuikwepa hamu ya sigara. iCanQuit ilifundisha kuiacha hamu ije, ikae, ipite, wewe usiwashe. Mwaka mmoja baadaye, 28 katika kila 100 waliotumia iCanQuit walikuwa wameacha, dhidi ya 21 wa ile nyingine.

Kwa maumivu sugu ya mwili, Uingereza iliiweka ACT kwenye mwongozo rasmi wa matibabu mwaka 2021.

Je, wajua kwamba Wajapani walitangulia? Daktari Shoma Morita, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliwalaza wagonjwa wenye wasiwasi kitandani kwa siku 4 hadi 7. Hakuna kusoma, hakuna mazungumzo, hakuna wageni. Lala na wasiwasi wako, mtazamane. Baada ya siku chache mgonjwa huchoka kulala, anatamani mwenyewe kuinuka afanye kazi! Tiba ilikuwa imeanza hapo, na wasiwasi ukiwa bado upo.

ACT ina ndugu zake pia. Zabibu kavu moja unaila kwa muda gani? Jon Kabat-Zinn, aliyefungua kliniki yake Massachusetts mwaka 1979, aliwafanya wagonjwa wa maumivu na msongo wa mawazo waile kwa dakika kadhaa: kuitazama, kuinusa, kuipapasa, ndipo waitafune. Punje moja!

Mwanasaikolojia Marsha Linehan naye ni wa kustaajabisha. Tiba yake inawafundisha watu wanaojidhuru kuukubali ukweli ulivyo, kisha kubadili maisha yao. Mwaka 2011 akatoboa siri: akiwa na miaka 17 alilazwa hospitali ya akili mjini Hartford kwa kujidhuru kupita kiasi. Na aliyasema hayo wapi? Hospitali ileile!

Usije ukanielewa vibaya, lakini. Watafiti wa Berkeley, California, waliwachunguza watu zaidi ya 1,300 na mwaka 2018 wakatoa jibu: wanaozikubali hisia zao bila kuzihukumu wana afya njema ya akili. Kukubali hali mbaya yenyewe hakukuleta faida hiyo. Kwa hiyo mume anayekupiga si wa kukubaliwa. Kinachokubaliwa ni hofu na hasira yako, ndipo uchukue simu.

Ya mwisho, kwa wanaoogopa buibui. Mwaka 2012 watu 88 wa kundi hilo walisogezwa karibu na tarantula hai, buibui mkubwa mwenye manyoya. Wengine walijiambia hana neno, wengine wakazungumza mambo mengine kabisa, na wengine wakatamka wazi: huyu buibui anatisha, namwogopa. Wiki moja baadaye walipokutanishwa naye tena, waliotamka woga wao ndio ambao viganja vyao vilitoka jasho kidogo kuliko makundi yote. Na humohumo kundini, aliyekuwa ametaja woga wake kwa maneno mengi zaidi ndiye aliyepata nafuu kubwa zaidi.