Konokono wa Unguja na Uandishi wa Majina ya Kisayansi

Katika vijito na madimbwi ya Unguja huishi konokono wadogo wa maji ambao wakaazi wa shamba huwaita kwa jina moja tu: konokono. Wanasayansi wamewagawa, na miongoni mwao wamo *Bulinus globosus* na *Bulinus nasutus*. Uchunguzi uliofanywa kisiwani umeonyesha kuwa *B. globosus*, aliyeenea kaskazini na katikati, ndiye anayelea mabuu ya kimelea cha kichocho cha mkojo. *B. nasutus*, anayepatikana kusini, hakilei kimelea hicho. Neno la pili la jina, basi, ndilo linalotuambia kama maji hayo ni ya kuogopwa.

Mtindo huu wa maneno mawili ulienezwa na Carl Linnaeus, msomi wa Sweden, aliyeutumia kwa mimea mwaka 1753 na kwa wanyama mwaka 1758. Neno la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili hutambulisha spishi, na huanza kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu. Kima punju wa Jozani ni *Piliocolobus kirkii*, kwa heshima ya John Kirk, tabibu aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza katika Mji Mkongwe. Pamoja na cheo chake chote, *k* yake imebaki ndogo. Maneno yote mawili huchapwa kwa herufi za mlazo, na yakiandikwa kwa mkono hupigiwa mstari chini.

Jina likishatajwa kamili mara moja, jenasi huweza kufupishwa. Hapo ndipo ripoti nyingi za maabara huteleza. *S. haematobium* ni kimelea cha kichocho, ilhali *S. aureus* ni bakteria wa majipu: *S* ya kwanza ni *Schistosoma*, ya pili ni *Staphylococcus*. Viumbe hao wakikutana katika ripoti moja, jenasi ziandikwe kikamilifu.

Mabano nayo si pambo. Tukiandika *Schistosoma haematobium* (Bilharz, 1852), tunaeleza kuwa Theodor Bilharz, tabibu Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, ndiye aliyekipa kimelea jina, lakini chini ya jenasi nyingine, *Distomum*. Kimelea kisingehamishwa jenasi, mabano yasingekuwapo.

Turudi kwa konokono wetu. Magamba yao hufanana mno, na mara nyingi hakika hupatikana kwa kupima vinasaba. Mkusanyaji mwenye shaka na aandike *Bulinus* sp., kifupisho hicho kikiachwa wima, maana yake ni kwamba jenasi inajulikana na spishi bado. Akibahatisha *B. globosus*, dawa ya kuua konokono huenda ikamwagwa katika dimbwi lisilo na hatia. Akibahatisha *B. nasutus*, watoto wataendelea kuoga penye kichocho.