Mto Mmoja, Safari Mbili: Mtera au Tungamalenga?

Mkazi wa Dodoma anayetaka kubadilisha hewa kwa siku mbili tatu, aone maji, akanyage mchanga na kutazama wanyama, kwa kawaida huambiwa ashuke Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, ushauri huo umekuwa rahisi zaidi kuufuata. Siupingi. Ninachosema ni kwamba kusini mwetu unapita Ruaha Mkuu, na mto huo una sehemu mbili ambazo mtu wa kipato cha kati anaweza kuzifikia bila kukopa: Mtera, pale maji yalipozuiwa na bwawa, na Tungamalenga, kijiji kidogo cha Iringa Vijijini kwenye njia ya kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengi huchagua kati ya hizo kwa kuangalia kiingilio. Nadhani wanaangalia mahali pasipo na gharama. Pesa ya safari hizi huliwa na gari, na gari hugawanywa kwa idadi ya watu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza una shilingi ngapi, uliza mko wangapi.

Tuanze na Mtera, maana ndiyo ya karibu. Ukitoka stendi kuu ya Nzuguni kwa basi la Iringa au Mbeya unapita Mlowa Barabarani, Fufu na Chipogoro, lami tupu, na baada ya kilomita kama 125 barabara inapita bwawani kwenyewe. Upande wa Dodoma ni Mtera, ng'ambo ni Migoli ya Iringa. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kutunza maji ya mtambo wa Kidatu ulioko chini zaidi, na Mtera yenyewe ikaanza kuzalisha umeme mwaka 1988, megawati 80. Hiyo ndiyo sababu ukuta unalindwa. Usipige picha pale bila kuomba ruhusa kwa walinzi, hata kama mandhari yanakuita.

Hesabu ya basi ni nyepesi. Kwa nauli elekezi iliyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, Desemba 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati 67.84. Kwa kilomita 125 hiyo ni kama 6,000 au 8,500 kwenda. Tatizo ni kwamba basi la masafa marefu linaweza kukudai nauli nzima ya Iringa hata kama unashukia Mtera, hivyo elewaneni kabla hujakaa kwenye kiti, na udai tiketi. Kwa gari dogo lenye kutumia lita moja kwa kilomita 12, kwenda na kurudi ni lita 21 hivi. Tukichukua mafuta kwa shilingi 3,000 lita, ni 63,000. Mkiwa wanne kila mmoja anabeba chini ya 16,000, karibu sawa na basi la daraja la kati, na mnarudi saa mnayotaka. Mkiwa wawili, pandeni basi.

Unapata nini kwa pesa hiyo? Samaki kwanza. Perege wa Mtera huuzwa barabarani wabichi na wa kukaanga, na mama lishe wa Migoli atakupa na ugali kwa bei ambayo hoteli ya mjini Dodoma haiwezi kuishusha. Pili, ndege: mwari, korongo wa aina mbalimbali na membe, hasa kiangazi maji yanaporudi nyuma na kuacha tambarare za tope ambamo wanachokoa chakula. Viboko wapo, na wakati mwingine utawasikia kabla ya kuwaona. Tatu, anga pana na upepo wa ziwani, jambo ambalo mtu aliyekaa Dodoma Septemba nzima hahitaji kuelezewa.

Usichopata ni ufukwe wa kuogelea, na hapa sitaki kupunguza maneno. Mtera ina mamba. Mamba na viboko wa bwawa hili wamewahi kuua watu, na mara nyingi wavuvi wenyewe, watu wanaolijua. Usiingie majini, usimwache mtoto achezee ukingoni, na ukitaka kupanda mtumbwi, kubaliana bei ya mtumbwi mzima huku ukiuliza koti la kuokolea. Kama halipo, baki nchi kavu. Onyo la pili linahusu mabwawa yote ya kanda yetu, Hombolo likiwemo, lile la mwaka 1957 ambalo vijana wa mjini hulikimbilia kwa kuwa liko kilomita kama 40 tu: maji yaliyotulia yenye majani ni makazi ya konokono wa kichocho. Hombolo ni pazuri kwa kutembea na kula samaki. Kwa kuoga, hapana.

Mtera basi ni safari ya siku moja. Gesti zipo, za kawaida, lakini sioni sababu ya kulipia usiku isipokuwa unataka ndege wa alfajiri, na huo ni usiku unaostahili kulipiwa kama una darubini.

Tungamalenga ni habari nyingine. Kwanza umbali: Dodoma hadi Iringa ni kilomita kama 260, kisha Iringa hadi kijijini karibu 100, kupitia Kalenga na Idodi. Kalenga usiipite hivi hivi. Ndipo ilipokuwa ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe, na makumbusho ya hapo yanahifadhi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sehemu ya njia hii ni ya vumbi, na baada ya mvua kubwa gari dogo litakutia gharama. Kijiji kimekaa kando ya kijito chenye jina hilohilo, kina nyumba za wageni za bei mbalimbali, viwanja vya kupiga hema na magari ya kukodi ya kuingia hifadhini. Vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga ndivyo vilivyounda MBOMIPA, jumuiya inayosimamia eneo la wanyamapori linalopakana na hifadhi, kwa hiyo wenyeji hapa wanaishi na tembo kama majirani, pamoja na hasara ya mashamba inayokuja na ujirani huo.

Sasa kiingilio, kitu kinachowatisha watu bure. Katika orodha ya ada za shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, ya miaka hii, mwananchi wa Afrika Mashariki anaingia Ruaha kwa shilingi 5,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 ni 5,900. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000 kabla ya VAT, na wa chini ya miaka 5 haulizwi kitu. Mgeni kutoka nje hulipa dola 30 kabla ya VAT kwa lango hilohilo. Gari lenye namba za Tanzania na uzito usiozidi kilo 2,000 ni 20,000, yaani 23,600 pamoja na kodi, na Land Cruiser huangukia daraja la juu yake. Malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu na kulipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema.

Wageni wengi hupoteza pesa kwa kutojua jinsi kibali kinavyohesabiwa. Kibali ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukilala Tungamalenga, lazima utoke kabla lango halijafungwa saa 12 jioni, na ukitaka kurudi kesho unalipa upya, watu na gari. Ukilala ndani, kwenye kambi ya umma, ada ya kuweka hema kwa mwananchi ni 5,000 kabla ya VAT, na kibali kimoja kinakupa jioni ya leo na asubuhi ya kesho, nyakati mbili bora kuliko zote kwa kuona wanyama. Ingia saa nane mchana, toka kesho kabla ya saa nane. Kwa watu wanne, kulala ndani ni 23,600 juu ya kiingilio. Kulala nje na kurudi ni 23,600 nyingine za watu, angalau 23,600 za gari, na chumba juu yake. Mwenye hema, godoro na jiko lake alale ndani. Asiye na vifaa, au mwenye watoto wadogo wanaoogopa mngurumo wa simba usiku, akae kijijini na aingie siku moja tu, alfajiri hadi jioni.

Lakini nilisema pesa iko kwenye gari, na hii hapa. Kwa gari la magurudumu manne linalokwenda kilomita 8 kwa lita, Dodoma hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kurudi, pamoja na kilomita mia moja za kuzunguka ndani, ni kama kilomita 880. Hizo ni lita 110, shilingi 330,000. Mkiwa sita ni 55,000 kila mmoja, mkiwa wawili ni 165,000. Njia ya pili ni basi hadi Iringa, kati ya 12,600 na 17,600 kwa nauli ile ya 2023, halafu basi la kijijini, kisha kukodi gari Tungamalenga kwa siku moja. Tuseme mwenye gari anataka 300,000. Sita mnalipa 50,000, wawili mnalipa 150,000. Kiingilio kinabaki 5,900 kwa kila hali. Ndiyo maana nawashauri wanandoa wasiende peke yao: tafuteni kundi la kazini, la kanisani au msikitini, la kikoba.

Mnapokodi, ulizeni bei ya gari zima wala si ya kichwa, na muulize mambo haya kabla ya kutoa hata senti: mafuta yamo? ada ya gari langoni ni ya nani? dereva ni mwenyeji anayejua tembo wako wapi wiki hii? mnatoka saa ngapi? Anayesema saa mbili asubuhi anakuuzia nusu ya siku, maana lango linafunguliwa saa 12.

Ndani utaona simba, twiga, tandala mkubwa na tandala mdogo, mibuyu mikubwa, na ukibahatika, mbwa mwitu. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kiangazi, sababu kubwa ikiwa maji yanayochukuliwa juu, bonde la Usangu, kwa kilimo cha mpunga. Linaumiza jambo hilo, na watu wa Mtera hulihisi pia, maana maji ni yaleyale. Kwa mtazamaji lina maana moja: wanyama hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki, na tembo huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Mchanga ule ni ufukwe wa kutazamwa ukiwa garini. Kushuka bila askari wa hifadhi hakuruhusiwi. Vaa nguo za rangi ya udongo, kwani mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na acha mifuko ya plastiki nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kwa asiyetaka maji wala simba kuna Kolo, kaskazini mwa Kondoa, michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Basi la Babati linakufikisha, mwongozaji unampata ofisini palepale, na gharama kubwa ni miguu yako.

Hukumu yangu ni hii. Mkiwa wawili au familia yenye Jumamosi moja, nendeni Mtera kwa basi, mle perege, mrudi. Mkiwa watano au zaidi na siku tatu mkononi, msiitazame Mtera isipokuwa kupitia dirishani. Endeleeni hadi Ruaha, mlale ndani kama mna mahema. Na popote mtakapolala, nunueni mchele, kuku na mkaa Tungamalenga badala ya kujaza buti Dodoma: bei haitofautiani sana, na wenyeji wanaopoteza mahindi kwa tembo wapate chochote kutoka kwetu sisi tunaokuja kuwatazama tembo hao.