Jiwe Ndani ya Birika

Mama wa nyumba wa Bofu hahitaji kuambiwa maji ya kisima chake ni ya namna gani. Akifua, sabuni humalizika kabla ya povu kupanda. Akipika chai ya rangi, huona utando juu ya kikombe. Na akichungulia ndani ya birika hukuta ganda jeupe limeshika chini na ubavuni, gumu kuliko ukoko wa wali. Husema, "Maji haya yana chumvi," na maneno yakaishia hapo.

Walakini ganda lile si chumvi. Chumvi ukiitia maji huyeyuka. Ganda hili halitoki hata kwa mchanga. Lile ni jiwe.

Sehemu kubwa ya Likoni, kama kisiwa cha Mombasa chenyewe, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ndilo jiwe walilojengea wazee misikiti na majumba, na ndilo lililojenga Fort Jesus, ngome iliyoanzwa mwaka 1593. Mvua inyeshapo hupita hewani na udongoni ikachukua hewa ya kaboni, nayo huyapa maji ukali mdogo usioonjeka. Ukali huo hula mwamba polepole, na jiwe likayeyuka ndani ya maji. Kisimani maji ni maangavu, jicho halioni kitu. Yakichemka, ile hewa hutoka, na jiwe hurudi kuwa jiwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Hasara yake ni ya mfukoni. Ganda huzuia moto usiyafikie maji upesi, na makaa hununuliwa. Kunde na maharagwe nayo hukawia kuiva, kwani maji hayo huzikaza punje. Mwenye mabati na pipa na akinge maji ya mvua, ayaweke kwa kupikia nafaka hizo na kwa kufulia; maji ya mvua hayajapita mwambani.

Ama dawa ya birika, i papo hapo jikoni. Tia maji nusu ya birika, kamulia ndimu tatu au nne, au mimina kikombe cha siki, chemsha, kisha uache kwa muda wa saa moja. Utaona vipovu: ndio ukali unaolila jiwe. Mwaga, sugua kwa kitambaa, suuza vyema. Likiwa nene, rudia. Sufuria ya alumini usiilaze na ndimu usiku kucha, itachimbika. Na utando wa chai? Tone la ndimu huuondoa.

Kwa maji yenye chumvi ya bahari, ndimu haisaidii, wala moto. Kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, bahari hupenya chini kwa chini. Hayo ni maradhi mengine, na dawa yake ni kupunguza kuteka au kutafuta maji kwingine.

Sasa ndugu msomaji, lililo kubwa ni hili. Mtu akichoka kusugua birika, hushawishika kuacha kuchemsha maji ya kunywa, akidhani moto ndio unaoyaharibu. La hasha! Ganda halimdhuru mnywaji. Hata Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Kinachodhuru ni kile kisichoacha alama. Mwamba wa matumbawe una nyufa na matundu, na katika mitaa iliyosongamana kisima na choo cha shimo huwa majirani. Uchafu hupita humo upesi kuliko upitavyo mchangani, na kipindupindu kimeingia Mombasa si mara moja.

Basi mgeni akiliona birika lako lina weupe ndani, usione haya. Ni ushahidi kwamba nyumba yako huchemsha maji. Ndimu zipo sokoni. Weupe huo utatoka, na kesho urudi tena.